Daftari la Duka la Ibra

Baba aliandika hesabu za duka letu la mjini Ibra, huku Uarabuni, kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama alivyozoea Unguja. Alipokufa, wadai walijaa barazani. Mimi herufi zile sizijui, nilisomea Dar es Salaam. Karani wa duka la jirani, asiyejua Kiswahili, akazisoma kwa sauti, mimi nikiwafasiria wadai: mchele, sukari, kahawa. Akaendelea vile vile: "Bangili za mke wangu nimeziuza, nimelipa kodi."

Nyuma ya pazia, mama aliyekuwa akikaa eda akapiga ukelele. Bangili hizo zilipopotea, alimwita mdogo wake mwizi, akamfukuza. Baba siku ile alikaa akinywa kahawa yake, kimya.

Mama mdogo tulikuwa tumeshamzika.