Kivuli cha Wino kwenye Shati la Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kipande cha sabuni. Nilikuwa kijana wa Bukombe vijijini, nimevaa viatu vya kuazima, na kichwani najiambia kufua ni kufua tu, mama zetu wanafua tangu enzi, kuna nini cha kufundishwa? Sista Msimamizi wa chumba cha kufulia, pale misheni ya Ushirombo, alinipokea mlangoni akiwa na shati lililolowa maji. Akalitandaza mbele ya dirisha, jua likipenya, akaniuliza naona nini. Nikamjibu naona shati jeupe. Akaniambia nitazame tena. Ndipo nikaona, chini ya mfuko, kitu chembamba cha bluu kama moshi wa mbali.

"Hicho ni kivuli," akasema Sista. "Shati likiwa kavu hukioni. Likilowa linakuumbua. Ukiniletea nguo yenye kivuli, hujafua, umeficha."

Nimefanya udobi mpaka mgongo umekataa, na maneno hayo sikuyaacha hata siku moja. Kila doa la wino nililolitoa nililipima kwa kipimo cha Sista: lowesha, tandaza, elekeza juani, tazama. Nilikuwa najivunia sana kipimo hicho. Sasa nikikikumbuka moyo unaniuma, na ndiyo sababu nimeamua kuwasimulia ninyi mnaofulia mashine za kubonyeza.

Wino una tabia zake. Wa kalamu ya kuchovya, tuliokuwa tunaukuta kwenye mikono ya mashati ya makarani na makatekista, ulikuwa mpole: unaloweka nguo kwenye maziwa ya mgando, unaiacha, unasuuza, unarudia. Sisi Wasukuma na majirani zetu maziwa hayakosekani, na mama yangu alijua dawa hiyo kabla ya Sista. Wino wa kalamu za siku hizi una mafuta ndani yake, maziwa hayauwezi. Huo unataka spiriti. Unaweka kitambaa kikavu chini ya doa, unadondoshea spiriti juu, unagongagonga kwa pamba ukianzia pembeni kuelekea katikati, wino unahamia kwenye kitambaa cha chini. Hufikichi. Ukifikicha umeutawanya, na doa lililokuwa kama punje ya mtama litakuwa kama kiganja. Na usithubutu kupitisha pasi juu ya wino kabla haujatoka, maana moto unaupika ndani ya uzi na hapo hata mimi utaniona muongo.

Sista Msimamizi alikuwa mkali lakini hakuwa na chuki. Alitufundisha tumuulize mwenye nguo maswali matatu kabla ya kugusa doa: ni wino gani, umekaa muda gani, umepitiwa na pasi au la. Basi. Mengine, alisema, hayatuhusu. Nguo ya padri na nguo ya mlinzi zote ni nguo, na dobi mzuri hasomi yaliyomo mifukoni.

Nilipotoka misheni nilipata kazi kwenye kambi ya mgodi upande wa Geita. Huko mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Kambi, mtu mnene mwenye haraka, ambaye kwake nguo ilikuwa ama imefika au haijafika. Kazi ilikuwa magwanda, matope mekundu na grisi, wino kidogo sana. Lakini pale mjini wanunuzi wa dhahabu walikuwa wananitafuta kwa mashati yao, maana kalamu zao zilikuwa zinavujia mifukoni. Tatizo lao walijiona wajanja. Mmoja alichukua tindikali, ile ile anayopimia kama dhahabu ni ya kweli, akaidondoshea kwenye doa. Alisema kama inakula shaba itashindwaje kula wino? Kweli wino ulitoka. Na mfuko ukatoka, na kipande cha shati kikatoka, akaja kwangu na tundu la kupitisha ngumi ananiuliza nifanye nini. Nikamwambia ashone mfuko mkubwa zaidi. Alikasirika, kisha akacheka, akawa mteja wangu mpaka nilipoondoka.

Nikahamia Kahama nikafungua kibanda changu mtaa wa Nyasubi, karibu na soko. Hapo sikuwa na mkubwa tena, nilikuwa na karai, pasi ya mkaa, kamba ya kuanikia na jina langu. Watu wa Nyasubi walinijua kwa wino. Nguo ikishindikana kwa madobi wengine utasikia, mpelekee Mzee Luhende. Nami nilivimba kichwa, nisiwadanganye.

Sasa sikilizeni. Mnajua desturi ya wanafunzi wetu wakimaliza kidato cha nne. Siku ya mwisho ya mtihani wanaweka aibu kando, wanaandikiana kwenye mashati ya shule. Kifuani, mikononi, mgongoni, kila mmoja anamwandikia mwenzake jina lake na neno la kumuaga. Mtoto anarudi nyumbani shati lote limejaa maandishi, anacheka, na mama yake anataka kulia, kwa sababu shati hilo alilihesabia mdogo wake.

Ndivyo alivyokuja Mama Kabula, mwuza dagaa pale sokoni, mwezi shule zinapokaribia kufunguliwa. Kabula amemaliza, mdogo wake Nkwimba anaingia kidato cha kwanza, na nyumba ile haikuwa na shati jingine. Shuleni wameshasema mtoto asiye na sare asije. Akaliweka mezani. Nikauliza maswali yangu matatu. Wino wa kila aina, akasema, na maka peni pia, umekaa tangu mtihani, pasi haijapita. Nikamwambia aende zake, mtoto atavaa shati jeupe.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilitoa neno moja baada ya jingine. Sista alisema dobi hasomi, lakini utamtoaje mtu herufi kwa herufi usimsome? Wengi waliandika majina tu. Mgongoni, chini kidogo ya kola, kulikuwa na maandishi makubwa ya maka peni, yamekandamizwa kwa nguvu: "Kabula, ukipita Kagongwa uingie kwa mama, anapika michembe mitamu. Masanja." Nilicheka peke yangu, maana michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa, naipenda hata mimi. Maandishi hayo yalinisumbua kuliko mengine. Neno "mama" lilikuwa la mwisho kutoka. Nililirudia kwa spiriti, nikaliloweka, nikalirudia tena, mpaka nilipolowesha shati na kulielekeza juani nikaona nyeupe tupu. Sista angekuwepo angenipa mkono.

Shati lilikuwa bado kambani linakauka alipokuja mwanamke nisiyemjua, amejifunga kitenge cheusi, na Kabula nyuma yake anatazama chini. Tukasalimiana. Kabula akaniamkia shikamoo, akaniambia huyu ni Mama Masanja, ametoka Kagongwa. Nikataka kumtania habari ya michembe. Bahati nzuri mdomo ulichelewa.

Kabula ndiye aliyenieleza, kwa sababu mwenzake alikuwa bado anatafuta pumzi. Masanja alipomaliza mtihani alikwenda Kharumwa kusubiri matokeo akiwa kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, apate nauli na godoro la shule. Duara likaporomoka. Walimtoa baada ya kuchimba sana, wakamrudisha Kagongwa, akazikwa. Kabula alikwenda msibani, na huko, katika kumfariji mama wa watu, akamwambia kwamba Masanja alimwandikia kwenye shati na alimtaja mama yake. Hakujua kwamba mama yake mwenyewe alishalileta kwangu.

Mama Masanja akazungumza taratibu, Kiswahili chake kimechanganyika na Kisukuma.

"Baba, mimi sikusoma," akasema. "Nilimsomesha yeye. Madaftari yake nilimpa jirani anayeuza karanga afungie, nikijua mtoto yupo, ataandika mengine. Simu yake ilibaki shimoni. Nimemsomesha miaka yote hiyo, sina hata neno lake moja. Nimekuja kuliona hilo."

Niliitazama kamba, naye akafuata macho yangu, akaliona shati. Lilikuwa linang'aa pale juani kiasi cha kuumiza macho.

Nikamwambia ukweli, kwamba limeshatoka. Nikamwambia na maneno yenyewe, kwa sababu nilikuwa nayajua kwa moyo: ukipita Kagongwa uingie kwa mama, anapika michembe mitamu. Akatabasamu. Akaniomba niyarudie, nikayarudia. Kisha akauliza yalikuwa wapi hasa. Nikamwonyesha, chini ya kola. Akaweka kiganja chake pale, na mimi nikageuka nikajifanya nachochea mkaa wa pasi.

Ndipo nikakumbuka kivuli. Nikamwambia asubiri, huenda kitu kimebaki. Nikalitoa shati kambani, nikalilowesha lote, tukalitandaza, yeye ameshika bega moja, Kabula la pili, nami nikalivuta chini. Tukalielekeza juani. Wajukuu zangu, maisha yangu yote nimeomba kazi yangu iwe safi. Siku hiyo nilimwomba Mungu niwe nimeboronga. Niliomba nione hata mkia wa herufi moja, hata doa la aibu ambalo Sista angenifukuzia kazi. Nilitazama uzi kwa uzi. Hakukuwa na kitu.

Mama Masanja aliona uso wangu, akajua. Akaliachia bega la shati polepole, akaniambia, "Umefua vizuri, baba. Wabeja."

Hakuna mteja aliyewahi kunishukuru nikaumia namna ile. Nilifikiri angenitukana, ningepata pa kushika. Mama Kabula aliposikia alikuja mbio kutoka sokoni, akamkumbatia mwenzake, wakalia wote. Akataka kumpa shati hilo hilo. Mama Masanja akakataa katakata, akasema Nkwimba aende shule kwanza. Jumatatu yake Nkwimba alipita mbele ya kibanda changu akiwa amelivaa, akaniamkia kwa furaha. Nikaitikia marahaba, nikaingia ndani.

Nilifanya kazi miaka mingine baada ya hapo, lakini nguo yenye wino nilikuwa naipokea kwa shingo upande. Niliongeza swali la nne kwenye yale ya Sista: nani aliandika, na kuna mtu atakayeyatafuta? Wateja walinicheka. Wengine walisema mzee amechoka. Kweli nilikuwa nimechoka. Mgongo ulipogoma kuinamia karai nikafunga kibanda, na leo pale pana duka la vocha. Nasikia vijana wa mashine wanapoletewa wino wanasema nunua jingine, mitumba ipo. Sijui kama niwalaumu. Ufundi wangu niliupenda kweli, na bado naona ni ufundi mzuri. Ila hakuna aliyenifundisha kwamba doa la mtu mmoja linaweza kuwa la thamani kwa mwingine, nami sikuwahi kujiuliza.

Mwaka huu nilikwenda Kagongwa kumsalimia Mama Masanja. Nkwimba amekua, shati limembana, na Mama Kabula hatimaye amelipeleka huko Kagongwa kwa mwenyewe. Nilikaribishwa vizuri. Nililetewa michembe na karanga, na ni mitamu kama kijana alivyoandika. Tulipomaliza kula, mama yule aliingia ndani akatoka na shati likiwa kwenye beseni la maji. Nikaelewa hiyo si mara yake ya kwanza. Akalikamua kidogo, akalitandaza mbele ya jua, akalishika kwa mikono yote miwili, akaniuliza naona nini.

Nikamwambia, mama, naona shati jeupe.

"Macho yangu ni mabovu," akasema. "Wewe ndiye fundi. Tazama tena."

Nikasogea karibu, nikatazama tena.