Yai la Somoe kwenye Chungu cha Njugumawe

Enzi zetu yai lilikuwa chakula cha wenye ndevu. Najua watoto wa darasa la tano watacheka wakisikia mtu wa darasa la nane anasema "enzi zetu". Wacheke. Wao wameletwa shuleni kwa lori, wamekaa mbele na dereva, wameshika masanduku ya bati yenye kufuli. Sisi tulikuja kwa miguu na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, kichwani, na tulipofika ming'oko yenyewe ilikuwa imekwisha njiani. Kwa hiyo hapa nazungumza na rika langu, tuliokuwa wadogo wakati baba zetu walipokwenda Nachingwea kung'oa visiki kwenye lile shamba la karanga la Wazungu, lenye matrekta yenye kelele kushinda harusi tatu na karanga chache kushinda za bibi yangu.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima hadi Ruangwa. Asubuhi tulikwenda chuoni kusoma Kurani, tukiwa tumekalia mchanga wenye siafu, na mwalimu wetu aliamini kwamba herufi huingia kichwani kupitia mgongoni. Mchana tulicheza mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za miyombo, na ukifumuka mechi ilisimama mpaka mwenye matambara aache kulia. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, kesho yake kisamvu na ugali wa muhogo, na siku ya furaha tulikula mbaazi. Msimu wa mabibo tulikula mabibo hadi midomo ikachubuka. Leo mtoto anapewa chai ya sukari na bado anauliza kitafunwa kiko wapi.

Kuku walikuwepo, tena wengi, na mayai walitaga. Lakini yai kwetu lilikuwa na kazi tatu tu: kuatamiwa, kupelekwa sokoni, na kuliwa na Mjomba Mfaume. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno la mwisho juu yake ni kaka wa mama. Mjomba Mfaume aliishi Nambilanje, na kila alipokuja, Bibi alimchemshia mayai manne. Mimi na mdogo wangu Somoe tulikaa mbele yake tukilitazama koo lake linavyopanda na kushuka.

"Mtoto akila yai huwa mwizi," alisema Mjomba huku akichovya la pili kwenye chumvi. "Na binti akila yai, huzaa watoto wenye vipara."

Nilikitazama kipara chake kinavyong'aa, nikajiuliza mama yake alikula mangapi. Lakini mama yake ndiye Bibi, na Bibi alikuwa na fimbo, kwa hiyo swali nikalimeza kavu.

Nilipokuwa na miaka minane na Somoe mitano, surua ikapita kijijini. Mimi iliniwasha tu ikaondoka. Somoe ilimkalia. Madoa yalipokwisha akabaki mifupa, miguu imevimba, nywele nyekundu kama ndevu za hindi bichi. Akanyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, akanyweshwa mizizi ya Bibi, akatapika vyote. Hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba nilimwigizia Mjomba anavyotembea akishiba, tumbo mbele na mikono nyuma, mchezo ambao siku zote ulimfanya agaegae chini kwa kicheko, naye akanitazama kama mtu anayetazama ukuta.

Mama akambeba hadi dispensari ya Ruangwa, mimi nyuma na kibuyu cha maji. Bwana Mganga wa pale, mtu mwembamba mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kukata nyanya, alimbonyeza Somoe mguu. Kidole kikaacha shimo.

"Mama, huyu dawa yake haimo kwenye chupa," alisema. "Surua imeondoka, imebaki njaa. Mpe yai moja kila siku, lichemke mpaka kiini kishikane. Maji yakianza kutokota, kadiria muda wa mtu kusali rakaa nne bila kukimbia. Na maharage, na mboga, na papai. Lakini yai usikose."

"Kila siku, Bwana Mganga?"

"Kila siku. Akimaliza mwezi huu hajapata kitu cha kumjenga mwili, usimlete kwangu tena. Utakuwa unajichosha bure."

Tuliporudi, Mama alimweleza Bibi akiwa amepiga magoti. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo Bwana Mganga yeye ana kuku wangapi?"

"Mama, kasema mtoto atakufa."

"Kufa kuko kwa Mungu. Wizi uko kwa mlezi."

"Lakini baba yake huyu Sele," Mama akaniashiria mimi, "anasema Mzungu wake kule Nachingwea hula mayai mawili kila asubuhi, na ni mzima kama nyati."

"Haya!" Bibi akapiga makofi. "Na ardhi ya watu kule Nachingwea kaichukua nani? Si niliwaambieni yai huleta wizi?"

Hoja ile hata leo sijapata wa kuipinga. Bibi akamaliza kwamba ruhusa ataitoa Mfaume mwenyewe, apelekewe habari. Ikapelekwa. Lakini Mjomba hakuwa mtu wa kuharakia safari isiyo na kitu cha kutafuna. Siku zikapita, na mwezi wa Bwana Mganga haukuwa ukimsubiri mtu.

Ndipo nikaanza wizi. Kuku walitagia kwenye kikapu kibovu chini ya kitanda cha kamba cha Bibi, jikoni. Yai la kwanza nililichukua chini ya kuku anayeatamia, na nilipolivunja nikakutana na kifaranga ana macho tayari. Nikatapika, nikajifunza. Tangu siku hiyo nilitumbukiza kila yai kwenye kata ya maji: linalozama ni zima, linaloelea mwachie kenge.

Kuchemsha ndiko kulikokuwa na kazi. Moto wa mtoto nyuma ya nyumba una moshi wa kumshtaki mwenyewe. Lakini Bibi alikuwa akipika njugumawe karibu kila siku, na njugumawe zikipikwa na maganda yake huchemka tangu adhuhuri hadi alasiri. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza ukungu. Basi yai nikalizamisha chunguni, chini kabisa, likalala na njugu kama ndugu zake. Bwana Mganga alisema rakaa nne. Lile lilisaliwa tarawehe nzima. Lilitoka gumu, limepakwa rangi ya maganda, ukilidondosha linadunda. Lakini kiini kilishikana, na hilo ndilo tuliloambiwa. Kwa hiyo mpishi wa mayai ya Somoe alikuwa Bibi mwenyewe, kwa kuni zake na kwa bidii yake, Mungu amlipe.

Ili nilipate, ilibidi nipakue mimi. Nikawa mjukuu mwema ghafla. Nilichochea moto, nilichota maji, niliosha vyungu, mambo ambayo mvulana wa kwetu alikuwa hafanyi hata kwa kuota. Bibi akawa na wasiwasi. "Huyu kapatwa na kitu," nilimsikia akimwambia jirani. "Anachota maji bila kupigwa."

Siku za mwanzo nilimpondea Somoe yai kwa maji ya moto na chumvi, nikamtia kidogo kidogo kwa kidole, maana midomo ilikuwa na vidonda. Baadaye akaanza kutafuna. Baadaye tena nilikuwa nikigonga tu yai kwenye jiwe, naye amekwisha fumba macho na kupanua mdomo. Maganda niliyafukia nyuma ya choo. Asubuhi moja nikakuta mtu ameyafukua na kuyafukia upya, chini zaidi, na juu ameweka jiwe. Nilipoingia ndani, Mama alikuwa akinawa mikono yenye udongo.

Bibi, yeye, alishika kesi na kicheche. Kila yai lililopungua alimtukana mnyama yule, ukoo wake na kizazi chake, akatega mtego mlangoni uliomnasa mbwa wa jirani. Nikamwonea huruma kicheche, lakini si sana.

Siku moja nikaigiza tena mwendo wa Mjomba, sina tumaini. Somoe akatoa sauti kama kikohozi. Kumbe anacheka. Nikatembea vile mpaka jua likazama, tumbo limeuma kwa kulisukuma mbele.

Mwezi ulipokuwa ukingoni, Mjomba Mfaume akatokea. Alikuja na bafta nyeupe imekunjwa kwapani, ile ya kukatia sanda, na uso wa msiba ameshauandaa tangu njiani. Akafika uani, akamkuta maiti wake anafukuza kuku.

Kisha akaihamishia bafta kwapa la pili.

"Nimemletea mtoto nguo," alisema, na hakusema uongo.

Akaingizwa jikoni, akakalishwa kwenye kigoda, akauliza ni dawa gani imefanya ajabu hii. Bibi alikuwa tayari. "Mizizi yangu," alisema. "Niliichimba mwenyewe, upande wa jua linapotoka." Akaeleza alivyoitwanga na alivyoichuja, wakati mizizi yenyewe Somoe aliitapikia miguuni pake mbele yetu sote. Mama alitazama chini. Mimi nilitazama chungu, kwa kuwa yai la siku ile lilikuwa mle ndani tangu kabla Mjomba hajabisha hodi.

"Bibi, kaa, nipakue mimi," nilisema.

"Mjomba wako hapakuliwi na mtoto."

Akazamisha upawa mpaka chini, ili mwanawe apate zilizoiva vizuri. Ukapanda, ukamwagika kwenye sahani, na yai likakaa katikati ya njugumawe kama shehe kati ya wanafunzi.

"Nini hii?" Mjomba akauliza.

"Njugu, Mjomba," nilisema. "Kubwa."

Mjomba si mtu wa kudanganywa kuhusu yai. Akalichukua, akaligonga kwenye ukingo wa kigoda. Somoe alisikia ule mlio tokea uani. Akawaacha kuku, akaja mbio, akasimama mbele ya magoti yake, akafumba macho, akapanua mdomo.

Bibi alimtazama Somoe, akakitazama kikapu chini ya kitanda, akanigeukia mimi polepole. "Kicheche!" alisema.

"Tangu lini mtoto huyu anakula mayai?" Mjomba akanguruma.

Mama hakuwahi kumjibu kaka yake maisha yake yote. Siku ile alijibu. "Tangu ulipoitwa, kaka, usije."

Mjomba akahamia kwangu, maana ni rahisi kumkaripia mdogo. "Wewe ndiye unayeiba?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Umekula mangapi?"

"Hata moja."

Akakunja uso. Nadhani alikuwa akijaribu kuipanga ile sheria yake ikae sawa, nayo inakataa: aliyekula hajaiba, na aliyeiba hajala.

"Usimpe, Mfaume!" Bibi akasema. "Atakuwa mwizi huyo!"

Somoe bado mdomo wazi, mate yanadondoka. Mjomba naye alimeza mate, nilimwona, maana yai lilikuwa limekwisha menywa na alikuwa ametembea tangu alfajiri. Akaligeuza mkononi mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, "Mama, mwizi akifungwa, siku moja hutoka. Mimi nilikuja kumpeleka huyu mahali ambako hakutoki mtu."

Akamtia yai mdomoni, nusu, akangoja atafune, kisha nusu nyingine.

Halafu akaomba fimbo ya Bibi akanichapa sita. "Kula, ale," alisema. "Lakini mwizi ni mwizi." Ndiyo haki ya wazee wetu, huwa inafika ikiwa na kiboko mkononi. Nililia kwa sauti, kwa heshima yake, na Somoe alinicheka mdomo umejaa kiini.

Toka siku hiyo Somoe alipewa yai lake waziwazi, limechemshwa peke yake kwenye sufuria, na Mjomba alipokuja alikula matatu, akilitaja la nne alilomwachia mtoto kama mtu aliyejenga msikiti. Bibi aliwatangazia majirani kwamba mizizi yake haifanyi kazi mpaka ifuatishwe na yai. Wakafuatisha. Watoto wao wakanenepa. Sifa akachukua Bibi.

Mimi yai langu la kwanza nimelila hapa shuleni Nachingwea, Jumapili moja, nusu kwa kila mwanafunzi. Nililitafuna taratibu, nikitafuta kile walichokuwa wakitunyima. Sikukiona. Na pembeni yangu kitoto cha darasa la tano kilikuwa kinatoa kiini na kukiweka ukingoni mwa sahani, eti kinamkaba koo. Enzi zetu ungekabwa na Bibi kwanza.

Lakini nimcheke nani, wakati kinara wao yuko nyumbani kwetu? Somoe sasa yuko darasa la nne, ana mashavu kama mikate. Likizo iliyopita Mama alimwekea yai. Akalisukuma. "Linanuka," alisema. Bibi akamgombeza, Mama akambembeleza, naye akapiga kelele mpaka majirani wakauliza kuna nini, akainuka na kukimbilia kwa wenzake. Nikataka kumsema, watoto wa siku hizi hawana shukrani, ulimi ukawa tayari kabisa. Kisha nikakumbuka kwamba enzi zile nzi alitua mdomoni mwake, akatembea kutoka pembe hii hadi ile bila haraka, na Somoe hakuwa na nguvu ya kumfukuza. Nikamwacha akimbie.