Gego la Mume Wangu

Mume wangu aliuguza gego msimu mzima wa kuchuma tumbaku. Lilikuwa gego la chini, la mwisho kabisa upande wa kushoto, limeoza katikati likabaki kingo tu. Mchana alifanya kazi kama kawaida. Jioni alikaa mbele ya bani tulimokaushia majani, akashindilia tumbaku kwenye tundu la jino kwa ncha ya kijiti, akatema mate ya kahawia. Nilikuwa nanyonyesha mtoto wetu wa kwanza. Alfajiri niliamshwa na wote wawili, mmoja akilia na mwingine akiguna.

Tulikaa kusini mwa reli, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Goweko. Ulikuwa mji wa marehemu baba yake: nyumba yetu, nyumba ya mama yake, bani, na mashamba yametuzunguka pande zote. Mama yake nilimwita Mayu, kama tunavyowaita mama zetu Unyamwezini. Alikuwa amezaa watoto wengi na kuwazika wengi. Mume wangu ndiye pekee aliyebaki.

Ulikuwa mwaka wa Operesheni. Tulikuwa tumekwisha kuambiwa mkutanoni kwamba sote tuliotawanyika porini tutahamia kijiji cha Ujamaa kando ya barabara kuu, ambako kutakuwa na shule, bomba na zahanati. Mbele ya katibu wa chama hakuna aliyepinga. Tuliporudi nyumbani kila mtu alitazama paa lake. Lori lingekuja, siku yake hatukuijua.

Asubuhi moja mume wangu aliamka shavu limevimba hata jicho limekuwa dogo. Mayu akataka kumpaka dawa ya majani. Yeye akakataa.

"Lori likinikuta hivi nitakuwa mzigo wenu," akasema. "Twende stesheni nikang'oe."

Nikambeba mtoto mgongoni tukaenda. Zahanati ya pale ilikuwa na mganga mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya chini, ambaye sote tulimwita daktari ingawa mwenyewe alikuwa akitukatalia. Alimkalisha mume wangu kwenye kiti karibu na dirisha, akamulika kinywani, kisha akabonyeza chini ya taya kwa vidole viwili. Mume wangu akaruka.

"Homa unayo?"

"Kidogo."

"Hapa chini usaha umekwisha kujikusanya. Nitaling'oa, lakini usidhani ukitoka hapa umepona. Mama, sogea na wewe usikie. Mgonjwa wa jino huwa hasikii linalosemwa, anasikia jino lake tu."

Nikasogea. Alimdunga sindano ya ganzi ndani ya fizi, akangoja mpaka mdomo ukawa mzito. Akamweleza kwamba atahisi kusukumwa, tena kwa nguvu, na atasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika ndani ya sikio, asiogope. Ila akisikia maumivu makali ainue mkono, aongezewe ganzi. "Ganzi haishiki vizuri penye usaha," alisema. "Si woga wako."

Jino lilivunjika. Sehemu ya juu ilitoka na koleo, mizizi ikabaki, na mganga akaifuata mmoja mmoja kwa chuma chembamba, jasho likimtiririka. Mume wangu aliinua mkono mara moja tu. Mwishowe mizizi ililala kwenye kibakuli cha bati, mmoja una kifuko cha usaha nchani. Harufu yake ilinifanya nigeuze uso wa mtoto.

Mganga akakunja pamba, akaiweka juu ya shimo, akamwambia aing'ate kwa nguvu na asiifungue kila mara kuchungulia. Kisha akanigeukia mimi. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu baadaye niliyarudia kwa watu wengi mno.

"Damu ikiganda mle shimoni, hilo donge ndilo kifuniko cha kidonda. Asilitoe. Leo asisukutue kabisa, asitemeteme mate, asifyonze, asipeleke ulimi pale. Asivute kiko wala sigara. Uji wa moto hapana, pombe hapana. Asibebe mzigo wala kuinama na jembe, damu itafumuka. Ikifumuka, pamba safi au kitambaa safi, ang'ate tena akiwa amekaa. Kesho ndipo aanze maji ya uvuguvugu yenye chumvi, taratibu. Maumivu kidogo na uvimbe kidogo ni kawaida. Lakini uvimbe ukishuka shingoni, au mdomo ukagoma kufunguka, au akashindwa kumeza mate yake mwenyewe, msingoje. Hata kama ni usiku. Umenisikia?"

"Nimesikia, daktari."

Akamdunga sindano nyingine pajani, ya kuua usaha, akasema lazima arudi kesho na kesho kutwa kwa zilizobaki. Moja peke yake haifui dafu.

Kesho yake, kabla hatujatoka, tukasikia lori.

Lilikuja na vijana wa mgambo na katibu mwenyewe mbele. Mume wangu aliwaendea akiwa ameshika shavu, akaeleza kwamba ameng'olewa jino jana na anatakiwa kurudi stesheni kudungwa sindano.

Mmoja wa mgambo akamtazama. "Jino, ndugu? Kule nyuma nimepakia mwanamke aliyejifungua juzi. Pakia vyombo. Sindano utaipata huko huko kijijini."

Hakuwa mtu mbaya, yule kijana. Alimsaidia Mayu kubeba kitanda chake, akakifunga vizuri kisivunjike. Lakini milango ya nyumba, kinu na magunia ya mtama mume wangu aliyabeba mwenyewe, kwa sababu kila mwanamume alikuwa anabeba vya kwake. Nilipomwambia aache, alinijibu kwa mkono tu. Lori lilipoondoka, alikuwa anatema damu pembeni, na paa letu lilikuwa limekwisha kung'olewa na mgambo.

Kijiji kilikuwa mistari ya vigingi katika msitu uliofyekwa nusu. Zahanati ilikuwa kuta zilizofika usawa wa dirisha, ndani yake mbuzi wamejikinga mvua. Tulipewa kiwanja, tukajenga kibanda cha matawi na kukifunika nyasi. Mvua ikanyesha juu yetu na juu ya mtama. Mume wangu akakata miti siku nzima, akiinama na kuinuka, na jioni akawasha kiko. Nikamwambia maneno ya mganga.

"Mganga hakuniambia tutalala wapi nisipofanya kazi," akajibu.

Mayu naye alichemsha magome, akampa asukutue kwa nguvu, maji yafike shimoni. Nikamwambia tumekatazwa. Akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto akitukana.

"Huyo mganga ndiye aliyemzaa?"

Siku zilizofuata harufu ya kinywa chake ilijaza kibanda. Maumivu yalipanda mpaka sikioni. Kisha mdomo ukaanza kukaza: kwanza ulipitisha kijiko, halafu ncha ya kidole, halafu uji tu kupitia pembeni. Chini ya kidevu pakawa pagumu kama kibuyu, pekundu, pa moto. Sauti yake ikabadilika, kama mtu anayeongea na kiazi cha moto mdomoni. Asubuhi nilipoona mate yanamtiririka kifuani na yeye hayamezi, nikamwachia Mayu kibanda, nikamfunga mtoto mgongoni na kukimbia kwa katibu.

Lori lilikuwa limekwenda kuchukua watu wengine, likakwama kwenye tope. Katibu alipokuja na kumwona mgonjwa, alivua kofia. Akatuazima baiskeli yake. Jirani yetu mpya, mwanamume ambaye hata salamu hatukuwa tumezoeana, akamkalisha mume wangu nyuma, akaisukuma akitembea njia yote hadi stesheni, mimi nikimshikilia mgongo asianguke.

Mganga alitoka nje kabla hatujafika mlangoni. Hakuuliza kwa nini hatukurudi. Alimdunga sindano hapo hapo, akisema, "Asilale chali. Hata akichoka. Akilala ulimi utamziba. Huyu ni wa Tabora, na treni inakuja."

Treni ilichelewa. Ndani ya behewa watu walitupisha, kwanza kwa huruma, kisha kwa harufu. Mume wangu alikaa wima, mikono juu ya magoti, akivuta pumzi kwa kazi kama mtu anayechota maji kisima kirefu. Kila nilipomwita alifumba macho na kuyafumbua, kunijulisha kwamba yupo.

Hospitalini hawakutukawiza. Walimkata chini ya taya usaha ukatoka, wakamtoboa koo na kumwekea mrija wa kupumulia. Nilipoitwa kumwona alikuwa anapumua kimya, na kwa mara ya kwanza tangu kuhama uso wake ulikuwa umelegea. Nikadhani tumevuka. Hakuweza kusema kwa ajili ya ule mrija. Aliashiria mtoto, nikamweka kifuani pake, akamshika mguu.

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mzee, na mkewe, mama wa Kiarabu wa pale mjini, alimletea chakula kila siku. Aliposikia tumetoka mbali alianza kuniletea na mimi. "Kula, binti yangu," alinihimiza. "Maziwa ya mtoto yatatoka wapi?" Nilikula wali wake nikiwa nimempa mume wangu mgongo, maana yeye alikuwa hawezi kumeza hata maji.

Homa haikushuka. Usaha ulikuwa umeteremka kifuani, nilielezwa baadaye. Alifariki asubuhi kweupe, watu wakiwa katika shughuli zao, nesi akitandika kitanda cha pili. Yule mama ndiye aliyemchukua mtoto mikononi mwangu, na ndiye aliyetoa shuka jipya la kumfunikia.

Daktari aliyemkata aliniita kwenye chumba chake. Nilimwuliza lililokuwa linanichoma.

"Kung'olewa ndiko kulikomuua?"

"Hapana, mama. Usaha ulikuwepo kabla ya koleo. Jino lile lilitakiwa kutoka miezi mingi iliyopita, lilipoanza tu. Na wakishang'olewa, wakipata sindano zote na kupumzika, wengi wa namna yake hupona." Akafunga faili lake. "Angekuja siku mdomo ulipoanza kukaza, labda tungekuwa na nafasi."

Tulimrudisha kwa treni. Mayu alikataa azikwe kijijini, mahali ambapo, alisema, hata panya hawajazoea. Katibu akaruhusu, tukamzika kwenye mahame yetu, kando ya baba yake, karibu na nyumba isiyo na paa. Magugu yalikuwa yamekwisha kuota mlangoni.

"Koleo limeniulia mwanangu," Mayu aliwaambia waombolezaji, na waombolezaji wakalipeleka neno hilo mbali. Katika kijiji kile kipya, ambako watu walikuwa hawajajuana, habari ya kwanza waliyoshirikiana ilikuwa hiyo. Watu wakakaa na meno yao mabovu. Mwanamume mmoja alijitoboa jipu la fizi kwa msumari, akaugua mpaka akashindwa kulima. Nilisema na kila aliyenisikiliza: kwamba jino halikuua, kwamba ni kuchelewa, ni sindano zilizokatika, ni mizigo. Wengi waliinamisha vichwa kwa heshima ya ujane wangu, na hawakwenda.

Mimi na Mayu tulikaa nyumba moja, ile ambayo majirani walitujengea. Tulilima pamoja, tulipika pamoja, na hatukumtaja marehemu. Msimu uliofuata, nikifunga majani ya tumbaku kwenye fito, nilimwona Mayu ameacha kazi, ameegemea ukuta, mkono shavuni. Jioni hakula. Kesho yake tena.

"Mayu, ni jino?"

"Ni uzee."

"Nione."

"Utaona nini? Wewe ni mganga?"

Siku ya tatu shavu lilivimba. Nikakaa chini mbele yake, nikamshika magoti, jambo ambalo mkamwana hafanyi.

"Mayu, twende stesheni."

"Kwa koleo lile lile? Unataka mtoto wako asiwe na bibi?"

"Nataka awe naye. Nilimwona alivyokufa, Mayu. Wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo. Hakufa kwa koleo. Nilimwona anavyotafuta hewa. Sitaki kukuona hivyo."

Hakuwa amewahi kuniuliza alikufaje, nadhani kwa kuogopa kwamba ningemjibu. Sasa aliuliza. Nikamweleza yote: baiskeli, behewa, mrija, mguu wa mtoto. Alilia bila sauti, shavu likimuuma kwa kulia. Kisha akaomba nguo yake ya kutokea.

Mganga alimtambua kwa sura, kwa jinsi mwanawe alivyofanana naye, akasimama. Mayu ndiye aliyeanza.

"Nimekuja. Usinivunjie."

"Nitajitahidi, mama."

Halikuvunjika. Sindano zilizobaki hatukuzikatisha. Tulilala kwa mke wa mlinzi wa stesheni mpaka zikaisha, na Mayu alikaa kutwa kwenye mkeka, uji wa baridi mbele yake, amekasirika kwa kukosa kazi. Kikopo chake cha tumbaku ya kunusa nilikificha. Alinishtaki kwa kila aliyepita.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi nyumbani niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nilimkuta shambani, ameinama, jembe mkononi, anapalilia mstari wake kana kwamba hakuna lililotokea. Nilimfokea kama mtu anavyomfokea mtoto wake, nikamnyang'anya jembe. Hakubisha. Alikaa kwenye ukingo wa tuta akanitazama nikimalizia mstari, na mara kwa mara akanionyesha kwa kidole magugu niliyoyaruka.