Ustadh wa Kabul na kiti cha pili kule studio Richardson

Wakuu, heshima kwenu.

Hiki kisa nimekaa nacho miaka mingi. Anayetaka kusema ni chai aseme tu, ila mimi nilikuwepo na headphones zilikuwa masikioni mwangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nakaa Euless huku majuu, wiki nzima napakia mizigo airport, Jumapili mchana napiga kibarua cha fundi sauti kwenye studio ndogo mji wa karibu, Richardson. Waafghani walikuwa wanaikodi, wanarusha habari za TV kwa satellite kwa wenzao waliotawanyika duniani.

Msomaji alikuwa mzee mmoja, tukimwita Ustadh. Kwao Kabul alisoma taarifa ya habari kwenye TV na mkewe, wanapokezana. Vita ikamtoa yeye kwanza. Mke alikuwa afuate. Hakufika, na hakuna aliyejua yuko wapi.

Sasa Ustadh alikuwa na sharti lake.

Viti viwili, maiki mbili, glasi mbili za maji. Anasoma habari moja, anageukia kiti kitupu, ananyamaza kama anamsikiliza mwenzake, kisha anaendelea.

Bosi wa studio hicho kimya kilimuumiza kichwa. Ndugu zake Ustadh nao walitaka kumsomea mke hitima, yaishe. Mzee aligoma. "Yuko zamu," ndiyo ilikuwa kauli yake.

Mimi niliona amechanganyikiwa kidogo, nikawa nafungua maiki ya pili kumridhisha tu.

Jumapili moja, kwenye kile kimya, nikaona taa za maiki ya pili kwenye mixer zinapanda. Zinapanda na kushuka kama kuna mtu anaongea.

Kwenye headphones, kimya.

Nikazima AC. Bado. Nikasogeza waya. Bado.

Mimi mtu wa Unguja, habari za majini nimekua nazo, lakini Richardson mchana kweupe? Nywele zilinisimama.

Baadaye zikafunguliwa simu za watazamaji. Akapiga bibi mmoja kutoka Pakistan, laini inakatikakatika. Lugha sikuielewa. Niliona tu Ustadh anakigeukia kile kiti taratibu, uso umempauka.

Kama kawaida nilimrudisha kwa gari. Tukakaribia highway.

"Mwanangu," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "unajua yule bibi kasema nini? Kasema, mpeni yule mama taulo. Mtandio wake umelowa chapachapa na nyinyi mnamsomesha habari tu."

"Mama gani, Ustadh?"

"Mke wangu aliondoka kwa kuvuka mto. Binamu yake aliniambia. Sijawahi kumwambia mtu."

Niliogopa hata kutazama kiti cha nyuma.

Kwenye taa nyekundu akasema, "Usinipeleke nyumbani. Nipeleke kwa ndugu zangu. Wasome hiyo hitima."

Nilikaa nao mpaka mwisho, nikasoma juzuu yangu. Mzee alilia mbele za watu, na mimi nikalia.

Ile tape ya kipindi cha siku ile niliirudia peke yangu. Ni Ustadh na kiti kitupu, basi.

Jumapili iliyofuata alisoma moja kwa moja bila kugeuka. Taa za maiki ya pili hazikuwaka. Habari zikaisha mapema. Muda uliobaki ulikuwa wa mkewe, na hakuna aliyejua aujaze na nini, tukaiacha kamera imwangalie amekaa.

Nilichojifunza ni kutomcheka mtu anayengoja. Siku hiyo nilinunua calling card nikampigia mama watoto Unguja, naye alikuwa anangoja makaratasi ya kunifuata huku. Nikamwacha aongee mpaka kadi ikaisha.

Karibuni mchangie. Wenye uzoefu wa studio, lile la taa nielezeni kifundi. La mtandio msijisumbue.