Usingizi wa Maneno

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Burma akiwa mzima wa viungo vyote. Tulichinja mbuzi. Siku chache baadaye, baada ya chakula cha mchana, alilala kwenye ngozi kando ya nyumba yetu ya tembe. Nikamgusa bega nimwambie ng'ombe wameingia kwenye mtama. Alinirukia macho wazi, akanikaba, akanigongesha kichwa ukutani hadi udongo ukabanduka. Mama yake ndiye aliyeniokoa, kwa kumpiga mchi wa mgongo.

Alipozinduka aliona damu mdomoni mwangu. "Nani kakufanya hivi?" akauliza.

Ikawa ndiyo maisha yetu. Alinivunja mfupa wa bega. Alimchinja ndama wetu kwa sime, usingizini, akaamka ameloa damu hadi viwiko. Waganga walikuja, wakataka kondoo mweusi, wakamla, wakaenda zao. Mwishowe mwenyewe aliniomba nimfunge kamba kila alipotaka kulala. Nikamfunga, akazivuta hadi ngozi ikachubuka.

Kaka zangu walipokuja kunichukua, niliwaambia, "Ngojeni kwanza nimpeleke hospitali ya misheni."

Daktari alikuwa Mwingereza mzee aliyewahi kutibu askari. "Dawa ya kumeza sina," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Nitamlaza kwa maneno, kisha nizungumze naye humo humo usingizini. Wewe mama, usitoke."

Alimwambia akazie macho ncha ya kalamu, akaanza kusema polepole: kope nzito, mikono mizito, pumzi inashuka. Kichwa cha mume wangu kikaanguka kifuani.

"Uko wapi?"

"Handakini. Mvua. Mjapani kaniangukia, ananikaba. Bunduki sina. Namng'ata. Namtia vidole machoni. Analia. Anamwita mama yake. Lugha yao siijui, ila hakuna kilio kingine cha namna hiyo."

Ghafla akaruka, akampiga daktari ngumi ya uso. Pua ikachuruzika damu. Daktari hakurudi nyuma wala hakupaza sauti.

"Mtu huyo amekufa. Vita vimekwisha. Mama, sema naye."

Nikamwambia, "Baba, ni mimi mkeo. Hapa ni Ugogo. Mvua hakuna."

Ngumi zikalegea. Daktari akamwambia, tena na tena, "Mkono wowote ukikugusa usingizini, utaisikia sauti hii, na vidole vyako vitafunguka."

Tulirudi kwake hadi mavuno yakapita. Hakupona kabisa, bado alipiga kelele, na siku moja alinizaba kofi akiwa amelala. Lakini kunikaba kuliisha, na kaka zangu wakaacha kuja.

Ila sasa alikumbuka. Zamani aliamka hajui lolote. Sasa aliyajua yote akiwa macho. Tulikuwa tunamenya karanga aliponiambia, "Yule alikuwa mdogo kuliko mimi. Ndevu hana."

Nilimsogezea kibuyu cha maji, akanywa, akaendelea kusema.