Niliondoka na Nyumba, Mke Wangu Akabaki Nje

Makosa ni yangu. Mkimaliza kusoma, tafadhali mtu asinitetee. Niliondoka na nyumba yetu wakati mke wangu hayupo, na aliponipigia simu nikamdanganya.

Mimi sikuwahi kuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Nilipomaliza kidato cha nne nilijiunga na kambi za watengeneza barabara, nikahama nazo mpaka ndevu zikaanza kuota mvi. Kambi ya mwisho, kule Marsabit, ilipovunjwa, nilinunua trela moja walimokuwa wakilala wasimamizi. Lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, kabati na madirisha mawili. Nikalifunga nyuma ya pikapu yangu, mke wangu akapanda, tukaanza kurudi kwetu Shinyalu.

Siku nne! Isiolo, Nakuru, Eldoret, Webuye. Kwenye kila mlima pikapu inalia, kwenye kila kituo watu wanachungulia. Mke wangu alishona mapazia njiani, sindano mkononi, akicheka kila tukiruka shimo. Sijawahi kumwona na furaha kama ile tena.

Tulipofika, baba yangu alilizunguka trela mara mbili, fimbo mkononi.

"Nyumba yako iko wapi?"

"Ndiyo hii, Baba."

"Hii inatembeanga?"

"Nikiifungua kutoka kwa pikapu haitembei. Inakaa."

"Basi iweke mawe chini ya magurudumu, ikae kabisa."

Kwetu hilo si jambo la mchezo. Mwana mwenye mke hukaa katika nyumba yake mwenyewe, na mke wa mwana halali nyumbani kwa baba mkwe wake. Ni heshima, na wazee wa umri wa baba bado wanaishika. Kwa hiyo trela likawekewa mawe, mama akachinja kuku, na mke wangu akawa na nyumba.

Miaka miwili tulikaa vizuri. Mimi ni fundi wa mashine za posho, zile za kusaga mahindi, basi asubuhi naondoka na pikapu kwenda Ekero au Musanda, jioni narudi. Trela linabaki. Mke wangu alipanda sukuma wiki pembeni, kuku wake wakataga mayai chini ya sakafu. Ndugu yangu mdogo alikuwa akinitania: "Konokono, leo umetoka bila gamba?" Tunacheka.

Lakini roho yangu ilikuwa barabarani. Nikisikia lori likipanda mlima usiku, silali. Nilikumbuka vumbi la kaskazini, chai ya kambini, asubuhi za kuamka mahali ambapo hakuna anayenijua. Ujinga wa mtu mzima!

Siku moja gerejini mjini nikaona basi la zamani la shule, limegeuzwa nyumba. Kitanda kikubwa, sinki, tangi la maji, na usukani mbele. Huhitaji kufunga wala kufungua, unawasha na kwenda! Nyuma yake kulikuwa na gari dogo lililofungwa kwa chuma cha kulivuta. Mwenyewe alitaka kubadilishana. Nilimpa trela na pikapu, akanipa basi na gari dogo. Mke wangu nilimwambia baada ya kukubaliana.

Aliuliza swali moja tu, akiniita kwa jina la binti yetu aliyekwisha olewa. "Baba Sharon, ukienda kazini, mimi nabaki wapi?"

"Ndiyo maana kuna gari dogo," nikamjibu. "Basi litakaa palepale penye trela. Mimi nitaenda kazini na gari dogo."

Niliapa hivyo mbele ya baba. Na miezi miwili nilitimiza.

Kisha siku ikafika. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao Musanda kumwona mamake, arudi jioni. Saa mbili asubuhi rafiki yangu wa kambini akanipigia kutoka Kitale. Mashine ya shemeji yake imekufa. "Na uje na hilo basi, wazee wa kambi wako hapa, walione!"

Ningeweza kwenda na gari dogo. Vifaa vyangu vyote vinaingia nyuma. Lakini nilitaka waone basi! Nikaondoa mawe, nikafukuza kuku, nikalifunga gari dogo nyuma, nikang'oa nanga kama kijana. Nilijiambia nitarudi kabla yake.

Mashine niliitengeneza kwa saa moja. Halafu vicheko, nyama, hadithi za Moyale na Loiyangalani. Saa kumi simu ikalia.

"Baba Sharon, niko nyumbani. Nyumba iko wapi?"

Nikasema: "Nimeipeleka gereji hapa mjini. Breki. Nakuja sasa hivi."

"Kumeanza kunyesha."

"Nimesema nakuja!"

Nikazima simu. Nilizima! Kesho yake, badala ya kurudi, nikawapeleka wale wazee Kapenguria kuangalia barabara tuliyoijenga zamani. Nililia nikiiona lami yetu. Kwa ajili ya mke wangu sikulia.

Siku ya nne nilirudi. Niliingia nikipiga honi, mnaamini? Hakuna aliyetoka. Pale penye nyumba palikuwa na nyasi za manjano na mawe manne.

Baba alikuwa ameketi nje ya ua, upande wa boma la ndugu yake. Nikamsalimu.

"Nimelala kwa ndugu yangu siku tatu," alisema. "Mke wako hangeweza kulala ndani ya nyumba yangu nikiwemo. Na singemwacha alale jikoni na kuku. Kwa hiyo nikatoka mimi."

Baba yangu ana zaidi ya miaka themanini! Alitoka nyumbani kwake kwenye mvua, blanketi kwapani, majirani wakimtazama.

"Ulikuwa wapi na nyumba?"

"Kitale, Baba."

"Na gari dogo lilikuwa wapi?"

"Nyuma ya basi."

Ndugu yangu mdogo, aliyekuja nyuma yangu, akaguna. "Kwa hivyo magari mawili yalienda safari ya mtu mmoja." Safari hii hakuna aliyecheka.

Mke wangu akatoka kwa mama, amevaa leso ya mama, kwa sababu nguo zake zote nilikuwa nimeondoka nazo. Nikamwambia, "Panda, Mama Sharon, tuongee."

"Nyumba ya watu huingiwa," akasema. "Haipandwi. Nifungulie nitoe vitu vyangu."

Alitoa godoro, sufuria, nguo, mapazia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilikwenda kulitafuta trela. Nililikuta Ekero, limekuwa kibanda cha chipsi; wametoboa ukuta mahali palipokuwa kitanda chetu. Mwenyewe hakutaka hata kunisikiliza.

Baba alikata mikaratusi yake, ndugu zangu wakachimba msingi, wakamjengea mke wangu vyumba viwili palepale penye nyasi za manjano. Kwetu nyumba ya mke hujengwa na mumewe. Niliposhika jembe, baba alilichukua mkononi mwangu kwa upole, akampa ndugu yangu. Wiki tano nilikaa ndani ya basi kando ya ua, nikiletewa chakula kama mgeni.

Asubuhi moja ndugu yangu akagonga mlango. "Kaka, sogeza basi. Lori la mabati linataka kupita."

Nililifungua gari dogo kutoka nyuma ya basi, nikampa mama funguo amkabidhi mke wangu. Nikaliwasha basi, nikalitoa hadi barabarani. Lori likaingia. Nikangoja, injini ikinguruma, mtu aje aniambie nirudi niegeshe upande huu au ule. Nilimwona mke wangu akihesabu mabati na fundi, ananyoosha kidole akimwonyesha mlango utakaa wapi.

Hakuna aliyenifukuza. Na hakuna aliyeniita. Nikaweka gia, nikaondoka, na sijarudi.

Wewe unayesoma hili na miguu inakuwasha, sikukatazi barabara. Lakini kabla hujawasha injini muulize mwenzako atalala wapi, na usiondoke hadi akujibu. Na akikupigia simu, pokea, umwambie ukweli, hata ukiwa mbali kiasi gani. Mimi basi ninalo, kitanda kikubwa ninacho, na kila jioni naegesha mahali papya ambapo hakuna anayeniuliza nyumba iko wapi.