Shamila na Salamu za Maktabani

Shamila alipowaambia majirani wa mtaa wao wa Ng'ambo, mjini Tabora, kwamba anasomea ukutubi, walimcheka. "Miaka miwili kujifunza kupanga vitabu?" kaka yake Nasri, fundi cherehani, alimtania. "Mbona mimi vitambaa napanga bila cheti?" Shamila alicheka naye, maana si mtu wa kununa, lakini cheti hicho alikitaka kwa moyo wote. Kilibaki kitu kimoja tu: mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi, katika maktaba ya chuo kimoja cha ualimu pale pale mjini.

Mkutubi mkuu, Bwana Wenceslaus, alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyanong'ona. Siku ya kwanza alimwonyesha kaunta. "Utakaa hapa. Maktaba ikiwa na kelele, fomu yako sisaini." Bila saini ile, hakuna cheti.

Namba za vitabu hazikumsumbua Shamila. Kilichomsumbua ni salamu. Tabora ni mji wa wapita njia tangu enzi za misafara, na mtu hapiti mbele ya wenzie kimya. Sasa kulikuwa na Mzee Mahona, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ziba, aliyerudi chuoni na mvi zake ili ajiendeleze. Kila asubuhi alisimama mlangoni. "Mwangaluka!" aliamkia kwa lugha ya kwao. Hapo vijana wote waliinuka na shikamoo zao, naye akazipokea moja moja, akauliza wazazi, akauliza mvua, akauliza ng'ombe. Jamani, mzee yule alikuwa na sauti! Meza ya mbele ikimaliza, ya nyuma inaanza.

Bwana Wenceslaus alikohoa tu. Shamila akaelewa. Kesho yake alimfuata mzee mlangoni, aibu imemjaa. "Shikamoo, baba. Humu ndani haturuhusu mazungumzo." Mzee alimtazama, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akageuka, akaondoka. Hakurudi. Vijana wa huko kwao walipoona mzee wao kafukuzwa, nao wakagoma. Maktaba ikawa kimya kabisa, na mkuu akafurahi. Shamila alibaki kupangusa vumbi kwenye meza tupu, moyo unamuuma.

Jioni moja alikwenda kuomba radhi. Mzee alikuwa amepanga chumba huko huko Ng'ambo. Alimkaribisha kwa matobolwa, viazi vikavu alivyoletewa kutoka nyumbani, wala hakuonyesha kinyongo.

"Mitihani inakuja, baba. Rudi usome."

"Mwanangu, nikute watu wamekaa, nipite kimya kama mwizi? Siwezi. Sikulelewa hivyo."

Shamila naye hakulelewa hivyo.

Usiku alifikiri, akaogopa, akaamua. Asubuhi aliiacha kaunta, akatoa benchi barazani, akawapokea wasomaji huko nje. Mzee alipoitwa, alikuja. "Salamu tunazimalizia hapa, baba," Shamila alimwambia. "Ndani ni kusoma tu." Mzee alicheka mpaka akapangusa macho, akaketi. Kila aliyefika alisalimiana naye, akaulizwa ng'ombe wake, kisha akaingia kimya. Habari zikaenea, na vijana wakarudi.

Siku ya mwisho ya fildi, Bwana Wenceslaus alitoka ofisini, fomu mkononi, akakuta kiti cha kaunta kitupu. Alimkuta Shamila barazani.

"Kaunta umemwachia nani?"

Shamila alihisi cheti kinamponyoka. "Sijamwachia mtu, Mkuu. Nisamehe. Lakini tazama ndani."

Akachungulia. Meza zote zilikuwa zimejaa, na hakuna aliyefungua mdomo. Pale kwenye benchi, Mzee Mahona alikuwa ameshika mkono wa kijana mmoja, hauachii.

"Na yule hamalizi?"

"Kafika kwenye mvua, Mkuu. Bado ng'ombe."

Bwana Wenceslaus aliegemeza fomu kwenye fremu ya mlango, akasaini.

"Mwache amalize," alinong'ona.